Picha za Kihindi za zamani: wapi pa kuziona leo, na namna ya kuitambua nakala kamili

Kuna swali ambalo vijana wa mitaa yetu huniuliza mara kwa mara: mama, au babu, au bibi, anataka kuiona tena picha fulani ya Kihindi ya ujana wake, nitaipata wapi? Nimeamua kuliandikia jibu lake kwa ukamilifu, ili aliye Mji wa Kale, Malindi au Lamu aweze kulitumia bila ya kuzunguka.

Wazee wetu waliziona picha hizi Regal, Naaz na Majestic hapa Mombasa. Sikukuu za Idi zilikuwa siku za sinema. Baadaye, miaka ya themanini, kanda za video zikaingia majumbani, na wanawake wengi waliokuwa hawaendi sinema wakazijua picha hizo wakiwa barazani kwao. Leo kumbi zile si za sinema tena, na kanda nyingi zimeliwa na ukungu wa hewa ya bahari. Lakini picha zenyewe hazijapotea. Nyingi zinapatikana, tena bure. Kazi iliyobaki ni kujua pa kuangalia na kuikwepa nakala iliyokatwakatwa.

Kwanza, pata jina, mwaka na steringi

Mzee akikwambia anataka "Devdas", muulize ni ipi. Kuna ya 1955 ya Dilip Kumar na kuna ya 2002 ya Shah Rukh Khan. "Don" iko ya 1978 ya Amitabh Bachchan na iko ya 2006. "Zanjeer" ni 1973, kisha ikarudiwa 2013. Ukiandika jina peke yake, mtandao hukuletea ile mpya. Andika jina, mwaka na mchezaji kwa pamoja: "Devdas 1955 Dilip Kumar".

Tahajia nayo hubadilika. "Awaara" ya Raj Kapoor na Nargis (1951) huandikwa pia "Awara". "Mughal-e-Azam" (1960) huandikwa kwa vistari au bila ya vistari. Ukikosa kwa njia moja, jaribu nyingine. Na kama mzee amesahau jina lakini anaukumbuka wimbo, mwache auimbe kidogo, kisha tafuta kwa jina la mwimbaji: Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh. Mara nyingi ukiupata wimbo, jina la picha limeandikwa hapo hapo.

YouTube

Hapa ndipo pa kuanzia. Kampuni za India zenye haki za picha za zamani huziweka zenyewe, nzima, bila malipo, na pato lao ni matangazo. Shemaroo, Rajshri na Ultra ni miongoni mwazo. Rajshri ndio waliotengeneza "Dosti" (1964), kisa cha vijana wawili marafiki, mmoja kipofu na mwingine kilema wa mguu, ambacho wazee wengi huku kwetu hawakukisahau.

Tazama jina la chaneli kabla ya kufungua. Nakala ya kampuni huwa na picha safi na sauti inayokwenda sawa na midomo. Nakala ya mtu binafsi mara nyingi imekatwa pembeni, imegeuzwa kushoto kulia, au sauti imeharakishwa ili isitambuliwe na wenye haki. Mzee aliyeizoea sauti ya Rafi ataigundua papo hapo, na raha itakwisha.

Dekoda na kebo

DStv imekuwa na kifurushi cha Kihindi kinacholipiwa kando. StarTimes ina chaneli za Bollywood. Zuku, ambayo waya wake wa faiba umefika Mombasa, imekuwa na chaneli za Kiasia. Vifurushi na bei hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa piga simu na uulize swali moja tu: ni chaneli gani inayoonyesha picha za kabla ya 1980, na saa ngapi?

Nashauri hivyo kwa sababu chaneli nyingi za Kihindi huonyesha tamthilia na picha mpya. Zee World, inayopendwa sana, huweka sauti za Kiingereza juu ya Kihindi, na mzee anayetaka kumsikia Dilip Kumar kwa sauti yake hatafurahi. Picha za zamani huwekwa saa za mchana au usiku mkubwa, na hukatwa na matangazo. Kama nyumba ina intaneti nzuri, sioni haja ya kulipia kifurushi kwa ajili ya picha za zamani peke yake.

Huduma za kulipia mtandaoni

Netflix na Prime Video zinapatikana Kenya na zina picha za Kihindi, lakini nyingi ni mpya. Tena orodha yao hutegemea nchi. Jamaa yako aliye Dubai au London anaweza kukuhakikishia kuwa picha ipo, wewe huku ukatafuta usiione. Tafuta jina kwanza, kisha ndio ulipe. Na picha iliyopo mwezi huu inaweza kuondolewa mwezi ujao, haki zikimalizika.

Internet Archive na suala la haki

Internet Archive, yaani archive.org, ni maktaba ya bure ya mtandaoni yenye picha nyingi za zamani unazoweza kuzipakua. Hapa sheria ina maana. Nchini India filamu hulindwa kwa miaka 60 baada ya mwaka iliotolewa. Kenya ni miaka 50. "Mother India" ya 1957 ilimaliza muda wake India mwisho wa 2017, na "Mughal-e-Azam" mwisho wa 2020. Hata hivyo, nakala mpya iliyotiwa rangi, kama ile ya "Mughal-e-Azam" iliyotoka 2004, ni kazi nyingine, na wenyewe wanaweza kuidai.

Kuangalia nyumbani na jamaa ni jambo moja. Kuweka projekta na kutoza kiingilio ni jambo jingine. Hapo utahitaji leseni ya bodi ya filamu, KFCB, na ruhusa ya mwenye picha. Na epuka tovuti zinazotaka namba ya kadi ya benki ili "kufungua" picha ya bure.

Namna ya kuitambua nakala kamili

Hili ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Tazama urefu kabla ya kuanza. "Mother India" ni karibu saa tatu. "Mughal-e-Azam" ni zaidi ya saa tatu. "Sangam" (1964) inakaribia saa nne, na "Mera Naam Joker" (1970) kamili inapita saa nne, ikiwa na mapumziko mawili. Ukiona nakala ya saa mbili, jua imekatwa, na kinachokatwa kwanza ni nyimbo. Hata zile zilizotiwa Kiswahili na madijei, nilizoziona mimi nyingi zimeruka nyimbo.

"Sholay" (1975) ina jambo lake. Ramesh Sippy aliitengeneza Thakur akimuua Gabbar Singh, lakini bodi ya udhibiti ya India ilitaka mwisho ubadilishwe, na sinema zikaonyesha Gabbar akikamatwa na polisi. Baadaye nakala yenye mwisho wa kwanza ikazunguka kwenye video. Kwa hiyo wazee wawili wakibishana ilivyoisha, huenda wote wawili wana haki.

"Mughal-e-Azam" ya 1960 nayo ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na sehemu chache tu zilikuwa na rangi. Ile yenye rangi mwanzo hadi mwisho ni ya 2004. Muulize mzee anaitaka ipi.

Bando na TV

Picha ya saa tatu si mchezo kwa bando la simu. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa kiwango cha chini hutumia hadi GB 0.3 kwa saa, na HD hadi GB 3. Maana yake picha moja ya saa tatu inaweza kula chini ya GB 1 au kufika GB 9, kulingana na ulivyopanga. Kwenye YouTube bonyeza alama ya gurudumu la meno, uchague 360p au 480p. Nakala nyingi za zamani zimetolewa kwenye kanda, hivyo kupandisha kiwango hakuongezi kitu.

Kuangalia kwenye TV, kama TV ni janja, fungua YouTube humo humo. Kama si janja lakini ina tundu la HDMI, unaweza kuunganisha kompyuta kwa waya. Picha uliyoipakua Internet Archive unaweza kuitia kwenye flashi na kuichomeka nyuma ya TV. Njia hii ndiyo inayowafaa wazee zaidi, kwani haikatiki katikati.

Lugha

Baadhi ya nakala za kampuni zina maandishi ya Kiingereza chini. YouTube, ukiifungua kwa kompyuta, inaweza kuyageuza maandishi hayo kuwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ya mashine inatosha kukifuata kisa, lakini huharibu mashairi. Wazee wengi hawaihitaji. Maneno kama dunia, kitabu, safari na wakati yamo pia katika Kihindi na Kiurdu, na sikio la Mswahili huyadaka.

Kwa nini nasema nyimbo zisikatwe

Taarabu yetu ya Mombasa imechota sana katika picha hizi. Marehemu Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, na hakuwa peke yake. Ndiyo maana mzee anapoiona picha, hufika mahali akasema: sauti hii ndiyo ya wimbo fulani wa harusi ya fulani. Maelezo hayo hayamo YouTube wala kwenye dekoda. Yamo vichwani mwa watu wa umri wa miaka sabini na themanini.

India wenyewe wameonja hasara ya aina hii. "Alam Ara" ya 1931, picha yao ya kwanza yenye sauti, haina nakala inayojulikana kubaki. Sisi hatukutengeneza picha, lakini tulitengeneza nyimbo juu yake, na ni wachache walioandika wimbo upi umetoka wapi.

Kwa hiyo unapomtafutia mzee picha, usimwekee ukaondoka. Kaa naye. Weka simu irekodi sauti, kwa ridhaa yake. Kila wimbo ukipita, muulize mambo matatu: uliimbwa na nani kwa Kiswahili, kwa maneno gani, na mwaka gani takriban. Andika jina la picha na dakika wimbo ulipoanza, kisha hifadhi karatasi hiyo pamoja na flashi.