Mboga katika chakula kibichi cha mbwa

Mboga katika chakula kibichi cha mbwa ni majani, mizizi na matunda ya bustanini yanayosagwa au kupondwa, kisha kuchanganywa na nyama, mifupa na viungo vya ndani visivyopikwa, kwa ajili ya mbwa anayelishwa nyumbani. Mboga ni sehemu ndogo ya mlo huo, lakini ndiyo yenye kazi nyingi zaidi jikoni, kwa kuwa mbwa hawezi kuvunja vizuri kuta za seli za mimea kwa meno wala kwa tumbo lake.

Nchini Tanzania mbwa wengi hulishwa ugali, pumba, dagaa na mabaki ya mezani. Katika kata ya Mtumba, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma ulipojengwa Mji wa Serikali, na katika uwanda wa kati kwa jumla, mboga zinazomfaa mbwa ziko jirani sana na vitu vitatu vilivyo sumu kwake: zabibu, ukwaju na vitunguu. Kwa sababu hiyo kuchagua mboga kuna uzito sawa na kuiandaa.

Historia

Mbwa ametokana na mbwa-mwitu, mnyama alaye nyama, lakini ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka akila masalia yake. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la amilesi, kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, kuliko mbwa-mwitu. Ndiyo maana mbwa huweza kuishi kwa ugali, jambo ambalo mbwa-mwitu lingemshinda. Uwezo huo, hata hivyo, ni wa wanga uliopikwa. Hauhusu selulosi, ambayo ndiyo inayojenga kuta za seli za majani.

Mlo wa nyama mbichi pamoja na mboga zilizosagwa ulienezwa na daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kupitia kitabu chake cha mwaka 1993. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kutoshauri kumpa mbwa nyama isiyopikwa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumdhuru mbwa na watu wa nyumbani. Maandalizi ya mboga yanayoelezwa hapa yanafaa pia kwa mbwa anayepewa nyama iliyopikwa.

Sababu za kusaga mboga

Meno ya mbwa yameumbwa kwa kukata na kuvunja, si kwa kusaga kama ya ng'ombe au mbuzi. Mate yake hayana amilesi ya kutosha kuanzisha umeng'enyaji mdomoni, na utumbo wake ni mfupi. Kipande cha karoti kikimezwa kizima hutoka kwenye kinyesi karibu kama kilivyoingia. Kikisagwa au kupikwa, kuta za seli hupasuka na beta-karotini iliyomo huweza kutumika. Tofauti na paka, mbwa anaweza kuigeuza beta-karotini kuwa vitamini A.

Nyuzinyuzi za mboga husaidia pia kufanya kinyesi kiwe na umbo zuri. Hata hivyo, mboga haziwezi kuchukua nafasi ya mifupa katika kutoa kalisi. Mbwa anayepewa nyama na mboga bila chanzo cha kalisi, kama maganda ya mayai yaliyosagwa kuwa unga, hudhoofika mifupa, hasa akiwa mtoto.

Mboga zinazofaa

Mboga zifuatazo hupatikana katika masoko ya Dodoma na humfaa mbwa zikiandaliwa vizuri:

* Boga: nyama yake huchemshwa na kupondwa. Mbegu na ganda gumu huondolewa.
* Karoti: hukwaruzwa au kusagwa, mbichi au baada ya kuchemshwa.
* Majani ya maboga na majani ya kunde: huchemshwa kidogo kisha hupondwa.
* Mchicha: una oksaleti, hivyo huchemshwa na maji yake humwagwa. Haufai kutolewa kila siku, hasa kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo au mawe ya kibofu.
* Mlenda: hutumika majani tu, kwa kiasi kidogo. Mbegu za jamii ya mlenda zina kemikali zinazoathiri moyo, hivyo vikonyo vyenye mbegu huondolewa.
* Kiazi kitamu: huchemshwa daima.
* Tango na mung'unya: huongeza maji katika mlo wakati wa joto.
* Kabichi: hupikwa na kutolewa kidogo, kwa kuwa huleta gesi tumboni.

Maandalizi

1. Mboga huoshwa kwa maji safi yanayotiririka ili kuondoa udongo, mabaki ya dawa za kuulia wadudu na uchafu wa maji ya kumwagilia. Majani huoshwa moja moja.
2. Maganda magumu, mbegu, mizizi na sehemu zilizooza hukatwa na kutupwa.
3. Majani huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika 1 hadi 3, kisha huchujwa. Maji ya mchicha humwagwa. Boga na kiazi kitamu huchemshwa mpaka vilainike.
4. Mboga zikipoa husagwa kwa blenda mpaka ziwe uji mzito. Pasipo blenda, kinu na mchi hufanya kazi hiyo vizuri, na karoti hukwaruzwa kwa kikwaruzio cha nazi au cha karoti.
5. Uji huo huchanganywa na nyama wakati wa kulisha. Chumvi, magadi, pilipili na viungo vingine haviwekwi.

Kinachobaki huhifadhiwa katika friji kwa siku mbili au tatu, au hugandishwa katika mafungu ya mlo mmoja mmoja. Kilichoyeyushwa hakigandishwi tena. Nyumba isiyo na friji hutayarisha mboga za siku hiyo tu.

Katika uwanda wa kati mvua hunyesha hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, na mboga mbichi hupungua wakati wa kiangazi. Wagogo wamekuwa wakikausha majani juani na kuyatwanga ili yatumike miezi isiyo na mvua. Unga wa majani makavu unamfaa mbwa, kwa kuwa kutwanga kumekwisha kuvunja nyuzi zake. Hulowekwa katika maji ya moto, hupoozwa na kuchanganywa na chakula. Wenye dalili ya ukungu hutupwa.

Kiasi

Mbwa mzima hula kwa siku chakula kibichi chenye uzito wa takriban asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Mapishi mengi huweka mboga kuwa karibu sehemu moja katika kumi. Mbwa wa kilo 15 angepata gramu 300 hadi 450 za chakula, na ndani yake gramu 30 hadi 45 za mboga, yaani konzi ndogo. Aina mpya huanzishwa moja moja. Kuhara au kujaa gesi ni ishara ya kupunguza.

Mboga na matunda ya hatari

Zabibu. Dodoma ndiyo kitovu cha kilimo cha zabibu nchini Tanzania, na matunda yake huuzwa hata kando ya barabara. Zabibu mbichi, zabibu kavu na makapi ya kutengenezea mvinyo vyote vinaweza kuharibu figo za mbwa. Hakuna kiasi kinachohesabiwa kuwa salama: mbwa mmoja anaweza kula nyingi asidhurike, na mwingine akafa kwa chache. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walipendekeza kwamba chanzo ni asidi ya tartariki.

Ukwaju. Una asidi hiyohiyo kwa wingi, na mbwa walioula wameripotiwa kupata madhara ya figo yanayofanana na ya zabibu. Juisi ya ukwaju na makapi yake hayafai kuwekwa mahali ambapo mbwa atayafikia.

Vitunguu maji na vitunguu saumu. Huharibu seli nyekundu za damu na kuleta upungufu wa damu. Madhara huonekana mbwa akila kwa mara moja vitunguu maji vinavyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu 75, pungufu ya kitunguu kimoja kikubwa. Kupika hakuondoi sumu hii. Kwa kuwa mboga nyingi za Kitanzania huungwa kwa kitunguu, mabaki ya mezani ndiyo njia rahisi ya sumu hiyo kumfikia mbwa. Mboga yake hutengwa kabla ya kuunga.

Vingine. Kisamvu kibichi kina sianidi. Maharage mabichi yana lektini. Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani, pamoja na majani ya nyanya, vina solanini. Hivi vyote havitolewi.

Dalili za sumu

Mbwa aliyekula zabibu au ukwaju kwa kawaida hutapika ndani ya saa 24, hukataa chakula na kulegea. Katika siku 1 hadi 3 figo zinaweza kushindwa na mkojo ukapungua au kukoma. Sumu ya vitunguu huchelewa siku kadhaa: ufizi hupauka, mbwa huhema haraka na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Daktari wa mifugo huitwa mara inapojulikana mbwa amekula, bila kungoja dalili, kwa kuwa matibabu ya mapema ndiyo yenye matumaini. Kumnywesha chumvi ili atapike ni hatari, kwani chumvi yenyewe inaweza kumuua.

Usafi

Kisu na ubao wa nyama mbichi havitumiki kwa mboga za watu kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu aina ya Echinococcus. Mbwa akiyala hueneza mayai ya tegu huyo kwa kinyesi chake, na mtu huyapata kwa mikono michafu au kwa mboga zisizooshwa. Bustani ya mboga inayozungushiwa uzio dhidi ya mbwa hupunguza hatari hiyo, na viungo hivyo huchemshwa vizuri kabla ya kumpa mbwa.

Tazama pia

* Mbwa
* Mlenda
* Mzabibu
* Mkwaju
* Mtumba (Dodoma)