Kuhesabu Asili za Nafsi
Plato Myunani aliigawa nafsi katika sehemu tatu: akili, ghadhabu na tamaa. Mwaka 1879 Wundt alianzisha chumba cha majaribio huko Leipzig, apate kuichambua kama wanakemia wachambuavyo maji. Mwanafunzi wake Titchener, katika kitabu cha mwaka 1896, alihesabu hisi za asili zaidi ya 44,000, nyingi zikiwa za macho. Baadaye wataalamu wa Würzburg wakanena ya kuwa ziko fikira zisizo na taswira yo yote, Titchener akakana. Nani awaamue, iwapo kila mmoja hujitazama ndani mwake tu? Hivyo hesabu ile ikaachwa.

Kiswahili hakikugawa hivyo: mtu husema moyoni, hupenda kwa moyo, hupiga moyo konde. Basi, mwalimu, ufasiripo “akili” au “nafsi”, usidhani kila neno lina chumba chake.