Uhuru Ilipopita Juu ya Majani Chai

Mwezi Machi, mawingu yakiwa na huruma, mtu akisimama Mogogosiek, Bomet, kati ya saa tatu na saa nne usiku akaangalia kusini, kundi la nyota la Vela huwa limepanda. Nyota HD 77581 imo humo, ila kuiona kunahitaji darubini ya mkononi. Jirani yake haonekani hata kwa darubini hiyo: ni nyota ya nutroni, inayoizunguka kwa siku 8.96 huku ikiupiga upepo wa gesi wa HD 77581 kwa eksirei.

Eksirei hizo hazifiki Bomet. Angahewa huzimeza, na mwinuko wa Kericho jirani, wa mita 2,000 hivi, hausaidii kitu. Chombo cha kuzipima kilibidi kipande.

Kilipandia Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru. Malindi ilichaguliwa kwa hesabu, si kwa hisani: kwenye ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi. Nayo Uhuru ikabaki ndani ya nyuzi 3 hivi za ikweta, ikikatiza anga la wachuma chai zaidi ya mara kumi kwa siku.

Ikagundua kwamba chanzo cha eksirei Centaurus X-3 hudunda kila sekunde 4.8, kisha hupotea kila baada ya siku 2.1. Ilikuwa inajificha nyuma ya mwenzake! Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002. Setilaiti SAS-3, iliyorushwa San Marco Mei 1975, ndiyo iliyonasa mdundo wa sekunde 283 wa ile nyota ya nutroni ya Vela.

Upepo wenyewe ulisubiri Chandra, darubini ya angani ya 1999, yenye uwezo wa kuzichambua eksirei kwa nishati zake. Bodaboda inapokata kona alfajiri katikati ya majani chai, taa hufichwa na kilima lakini ukungu hubaki uking'aa. Ndivyo ilivyo huko Vela: nyota ya nutroni ikifichwa, gesi ndiyo inayoonekana. Mistari ya spektra yake ilikuwa ya neoni, magnesi, silikoni na chuma. Ajabu ni kwamba atomi zilizovuliwa karibu elektroni zote zilichanganyika na nyingine ambazo hazijaguswa sana, jambo lisilowezekana katika upepo laini. Humo mna mabonge mazito ya gesi, na katikati yake nafasi karibu tupu.