Waya mmoja, ardhi na hesabu ya kilomita: stima ya mashambani ilichaguliwaje?

Leo naweka kando mambo ya programu. Nataka tuongee kuhusu nguzo, nyaya na transfoma, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo sisi watu wa kompyuta tunalijua sana. Ukitaka kumfikishia huduma mtu anayeishi mbali, je, unampelekea kilekile ulichomjengea mtu wa mjini, au unakaa chini na kufikiria upya? Wahandisi wa umeme wamelijibu swali hili mara nyingi katika miaka 100 iliyopita, kila nchi kwa njia yake. Majibu yao yanatuhusu.

Tuanze na hesabu ndogo. Mwaka 2015 serikali yetu ilianzisha mpango wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Walengwa walikuwa watu wanaoishi ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Sasa chukua kalamu uchore duara la mita 600 kila upande. Eneo lake ni kilomita za mraba 1.13. Kwa sensa ya 2019, Vihiga ilikuwa na watu 1,047 katika kila kilomita ya mraba, na Marsabit watu 6. Kwa hiyo duara la Vihiga lina watu karibu 1,180. Duara la Marsabit lina watu 7.

Najua utasema watu hawakumwagwa sawasawa kama mbegu shambani. Ni kweli. Marsabit ina miji, ina vituo vya soko, ina manyatta, halafu katikati unaweza kusafiri makumi ya kilomita bila kuona nyumba. Lakini hilo halipunguzi ugumu. Mjini gharama ya stima unaihesabu kwa nyumba, huko unaihesabu kwa kilomita. Nguzo haijui kama nyuma yake kuna wateja 1,000 au 7, bei yake ni ileile.

Mtu wa kwanza ninayetaka umfahamu ni Lloyd Mandeno, mhandisi wa New Zealand. Katika miaka ya 1920 alikuwa na shida hiyohiyo: wafugaji waliotawanyika milimani, na kampuni zisizotaka kupoteza pesa kuwafuata. Kwa kawaida laini ya umeme ya msongo wa kati huwa na nyaya tatu, moja kwa kila fezi. Ukitaka fezi moja tu unahitaji nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mandeno akajiuliza: ule wa kurudi ni wa nini, ikiwa ardhi yenyewe hupitisha umeme? Mwaka 1925 hivi akaanza kujenga laini za waya mmoja. Umeme unakwenda kwa waya, unapita kwenye transfoma ya mteja, halafu unarudi kwa kupitia udongo. Watu wakaitania laini yake, wakaiita kamba ya Mandeno ya kuanikia nguo. Mwaka 1947 akaandika makala kuwaeleza wahandisi wenzake jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, na leo New Zealand na Australia kwa pamoja zimejenga zaidi ya kilomita 200,000 za laini za aina hiyo. Brazil na Afrika Kusini pia zimeutumia.

Kwa nini ni rahisi? Si kwa sababu ya kuokoa waya tu. Waya ukiwa mmoja, hauna mwenzake wa kugongana naye upepo ukivuma, kwa hiyo nguzo zinaweza kuachana sana. Waya wenyewe unaweza kuwa wa chuma, mwembamba lakini wenye nguvu za kuvutwa kutoka kilima hadi kilima. Nguzo chache, vikombe vichache, mashimo machache ya kuchimba, na fundi mwenye gari moja anaweza kuukagua. Hapo ndipo pesa inapookolewa.

Bei yake ipo, na inafaa isemwe. Kwanza, mfumo huu hauna nguvu nyingi. New Zealand waliweka kikomo cha ampea 8 za mkondo unaorudi kwa ardhi, ili pia usivuruge laini za simu zilizo karibu. Kwa msongo wa volti 19,100, ampea 8 ni kama kVA 150. Hiyo inawasha taa, redio na friji za kijiji kizima pamoja na pampu kadhaa, lakini kiwanda haiwezi. Pili, udongo sasa umekuwa sehemu ya mtambo. Vyuma vinavyozikwa chini lazima vipitishe umeme vizuri, la sivyo ardhi iliyo karibu na nguzo inapata volti za kumdhuru mtu au ng'ombe. Mahali penye mwamba au mchanga mkavu fundi hulazimika kuchimba chini zaidi. Na mwizi akiiba ile shaba ya ardhini, hajaiba waya tu, ameacha hatari. Sisi tunaojua habari za transfoma kuibiwa mafuta tunaelewa maana yake.

Tatu, laini ndefu iliyosahauliwa porini inachakaa. Tarehe 7 Februari 2009, siku ya joto kali na upepo, waya wa zamani wa laini ya aina hii ulikatika huko Kilmore East, jimbo la Victoria nchini Australia. Moto uliowaka uliua watu 119. Tume iliyochunguza ilipendekeza mwaka 2010 kwamba laini za waya mmoja katika jimbo hilo ziondolewe hatua kwa hatua. Mfumo wa bei nafuu bado unahitaji mtu wa kuutunza, na utunzaji huo haumo katika bei ya kujenga.

Marekani ilifuata njia ya katikati. Mwaka 1935, wakati Rais Franklin Roosevelt alipounda idara ya umeme wa mashambani, shamba 1 tu kati ya 10 ndilo lililokuwa na stima. Kampuni zilikuwa zikisema kila maili moja ya laini inagharimu zaidi ya dola 1,500, na mkulima hawezi kuirudisha hiyo pesa. Wahandisi wa idara hiyo wakakubaliana na hesabu, wakakataa michoro. Wakachora laini nyepesi ya fezi moja, nyaya mbili, nguzo zilizoachana, na transfoma ndogo karibu na kila shamba badala ya transfoma kubwa ya kugawia mtaa mzima. Vifaa vikawa vya aina moja kila mahali ili vinunuliwe kwa wingi. Kabla ya mwaka 1940 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 1,000 kwa maili, na wakulima waliojiunga katika vyama vya ushirika ndio waliomiliki nyingi za laini hizo. Katikati ya miaka ya 1950 karibu mashamba yote yalikuwa na stima.

Sasa turudi Afrika, maana hapa ndipo pana hadithi ninayoipenda zaidi: Tunisia. Baada ya uhuru, shirika lao la umeme, STEG, lilirithi michoro ya Wafaransa: fezi tatu kila mahali, nyaya nzito, transfoma kubwa. Katikati ya miaka ya 1970 ni nyumba 6 tu kati ya 100 za mashambani zilizokuwa na stima. Mwaka 1976 wakaamua kuachana na michoro hiyo, wakachukua mfumo wa Amerika Kaskazini. Laini kuu ilibaki na fezi tatu pamoja na waya wa nne wa kurudishia, lakini kila tawi la kwenda kijijini likawa na nyaya mbili tu.

Uamuzi huo haukupita bila ubishi. Wahandisi wenyewe waliogopa kwamba wanawapa wanakijiji stima ya daraja la pili. Pampu za kumwagilia mashamba na vinu vya kusaga vilizoea mota za fezi tatu. Jibu la STEG lilikuwa la vitendo. Kwa pampu za kawaida, mota za fezi moja zilitosha. Palipohitajika zaidi, laini kuu ilikuwa tayari ina fezi tatu, kwa hiyo tawi lingeongezewa nyaya baadaye bila kubomoa chochote. Transfoma na vifaa vingine vikaanza kutengenezwa nchini humohumo. Kufikia miaka ya 1990 wakaongeza hata matawi ya waya mmoja kama ya Mandeno kwa sehemu za mbali zaidi, na nyumba elfu kadhaa zisizofikika kabisa zikapewa paneli za sola. Mwaka 2001, karibu nyumba 9 kati ya 10 za mashambani zilikuwa na stima. Ni kazi ya miaka 25, katika nchi isiyo na utajiri wa mafuta wa kulinganisha na jirani zake wawili.

Tazama walichokifanya. Hawakuuliza ni mfumo upi ulio bora. Waliuliza ni mfumo upi unaomtosha mteja wa leo na usiomfungia mlango wa kesho. Kwetu tunaoandika programu hilo ni somo la siku nyingi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikwenda kwa menyu ya laini ya simu na ujumbe mfupi, si kwa intaneti, kwa sababu simu zilizokuwa mikononi mwa watu ndizo zilivyokuwa. Vingine vilikuja baadaye juu ya msingi huo.

Na sisi? Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha zile za Nairobi na Mombasa, na kwa miaka mingi stima ilifuata mji, reli na mashamba ya walowezi. Mpango wa kupeleka stima mashambani ulianza 1973. Uti wa mgongo wa laini zetu ni ule wa Kiingereza: nyaya tatu za volti 33,000 na 11,000, transfoma, kisha nyaya za mtaani. Matawi ya fezi moja yapo, lakini mfumo wenyewe ulibuniwa kwa nchi ya vijiji vilivyosongamana. Kwa Vihiga na Kiambu umefanya kazi nzuri. Sensa ya 2019 ilikuta nusu ya nyumba zote nchini zinatumia stima ya gridi kwa taa. Lakini kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa sola wa KOSAP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, zina asilimia 72 ya ardhi ya Kenya na asilimia 20 tu ya watu wake. Kwa nchi ya namna hiyo, duara la mita 600 halisaidii.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2018 laini ya volti 400,000 kutoka Loiyangalani hadi Suswa iliwashwa, kilomita 428, ikibeba umeme wa mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana. Upepo ni wa Marsabit, ilhali mwaka huo mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa ukitegemea jenereta za dizeli. Watu huuliza kwa nini wasichomekewe hapohapo. Jibu la kiufundi ni kwamba laini ya msongo huo haichomekwi kama soketi. Kushusha volti 400,000 kunahitaji kituo cha mamilioni ya dola, na huwezi kukijengea kijiji cha nyumba 200.

Ila Ghana iliwahi kupata njia. Juu kabisa ya nguzo za umeme mkubwa huwa pana waya wa kukinga radi, ambao kwa kawaida haubebi umeme wowote. Profesa Francesco Iliceto wa Chuo Kikuu cha Rome alipendekeza waya huo utundikwe kwa vikombe badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye chuma cha nguzo, upewe umeme wa msongo wa kati, na ardhi itumike kurudishia, kama alivyofanya Mandeno. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vijiji vilivyo kando ya laini ya volti 161,000 inayokwenda kaskazini mwa Ghana vimepata stima kwa njia hiyo, na waya ukaendelea kukinga radi. Hesabu ya volti 400,000 ni ngumu kuliko ya 161,000, sitaki kukudanganya. Lakini uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwenye karatasi, kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Laini ikishajengwa, kuirekebisha ni gharama nyingine.

Siku hizi tunaambiwa haya yote yamepitwa na wakati kwa kuwa sola na betri zimeshuka bei. Ni kweli zimeshuka, na kwa manyatta ya nyumba 10 nisingevuta waya hata mmoja. Lakini gridi ndogo ya sola nayo inarudi kwenye maswali yaleyale: nyaya za kijijini ziwe nene kiasi gani, posho mill itafanya kazi, vifaa vitalingana na gridi kubwa ikifika siku moja, na betri ikifa baada ya miaka kadhaa ni nani atanunua nyingine? Ukijenga ndogo mno, kijiji kinabaki na taa na kuchaji simu milele. Ukijenga kubwa mno, pesa inaisha kabla hujafika kijiji cha pili.

Mandeno, Wamarekani na Watunisia hawakutumia teknolojia moja. Wanachofanana ni kwamba walianza kwa kuhesabu watu waliopo na kilomita zilizopo, ndipo wakachora. Kaunti zetu za kaskazini zinastahili michoro yao wenyewe. Kwa hiyo ukisikia mradi mpya wa laini kubwa umetangazwa, usiulize megawati tu. Uliza waya wa juu umefungwaje, na vijiji vilivyo chini yake vimeandikwa wapi.

Maoni nayasubiri, hasa ya mafundi wa stima. Hadi wakati mwingine.