Canon EOS RP
Canon EOS RP ni kamera ya kidijitali isiyo na kioo, iliyotolewa na kampuni ya Canon ya Japani mwaka 2019. Ililenga wapigapicha wa kujifurahisha waliotaka kamera ya fremu kamili kwa bei nafuu: bila lenzi iliuzwa dola za Marekani 1,299.

Sensa yake ina megapikseli 26.2 na ukubwa wa takriban milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Ukubwa huo husaidia kupiga picha penye mwanga hafifu. Pamoja na betri na kadi, kamera ina uzito wa gramu 485.

Unafuu wake una mipaka. Betri ni ndogo, nafasi ya kadi ni moja, na video za 4K hutumia sehemu ya kati ya sensa tu. Aidha, baadhi ya lenzi za RF zina bei kubwa kuliko kamera yenyewe. Hata hivyo, kwa kutumia adapta, kamera hupokea lenzi za zamani za EF. Hivyo mwenye lenzi hizo hahitaji kununua nyingine.