Zimwi la 1954 na sauti ya kibandani

Vijana wenzetu, mkitaka muvi ya zimwi ya zamani, anzeni na Godzilla ya Japani, mwaka 1954. Ishirō Honda aliitengeneza miaka 9 tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Majaribio ya bomu yanaamsha zimwi, linatoka baharini, Tokyo inawaka. Mama mmoja amekaa chini barabarani, amekumbatia watoto wake. Sisi tuliokimbia vita hapo hatuhitaji tafsiri.

King Kong ya 1933 nayo itafuteni: anakamatwa kisiwani kwao, anapelekwa New York, watu wanalipa kumtazama.

Ila kwa sisi wa Jinja na Mbale, kukusanya picha tu haitoshi. Huku muvi inaingia kibandani pamoja na VJ, anayetafsiri kwa Kiganda na kuongeza utani wake, hata kwenye miji ya Wasoga na Wagisu. Tanzania alikuwepo Lufufu, akitafsiri kwa Kiswahili. Wengi wetu Kiganda cha kwanza tulikisikia kwa VJ, kabla ya kukisikia sokoni.

Sauti hizo ni historia, na zinafutika haraka. Who Killed Captain Alex? ya Wakaliga, Kampala, ni ya 2010 tu, na tayari toleo lake lisilo na VJ limepotea. Tunayoitazama leo ina sauti ya VJ Emmie.

Basi ukipata CD ya zamani, usiifute wala usiitupe. Andika juu yake: jina la muvi, jina la VJ, mji ulipoipata, mwaka. Kisha tuletee tunakili.