Merka, Mwisho wa Safari ya Ndui

Tarehe 12 Oktoba 1977, katika mji wa Merka, bandari kongwe ya pwani ya Banadiri kusini mwa Mogadishu, gari lililowachukua watoto wawili wagonjwa kutoka kambi ya wafugaji wa kuhamahama lilisimama hospitalini, na dereva, ambaye hakuijua njia ya kwenda kambi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, akaomba aelekezwe; akajitokeza mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, akapanda garini, akawaongoza kwa mwendo wa dakika chache tu, kisha akarejea kazini kwake. Katika dakika hizo ndui, maradhi yaliyowaua wafalme na watumwa bila kubagua kwa karne nyingi, ilimpata mtu wake wa mwisho kwa njia ya maambukizi ya kawaida duniani.

Kwa nini mwisho ukawa hapo, na kwa nini uliwezekana kabisa, ni jambo lisiloeleweka bila kuijua kwanza tabia ya kirusi chenyewe. Virusi vya jamii ya ndui ni miongoni mwa vilivyo vikubwa zaidi katika vyote vinavyomdhuru binadamu, vina umbo la tofali, na ilhali virusi vingi vyenye DNA havina budi kuingia katika kiini cha seli ili vizaliane, hivi hujizalisha katika ute ulio nje ya kiini, kwa kuwa huja na vimeng'enya vyao wenyewe vya kuanzia kazi. Lakini kirusi cha ndui ya binadamu, pamoja na ukali wake wote, kilikuwa na udhaifu mkubwa: hakikuwa na mnyama wa kukihifadhi porini, na wale kiliowashika aghalabu hawakuweza kufichika. Baada ya siku kama 12 za ukimya ilikuja homa kali na maumivu ya mgongo, ndipo vipele vikazuka. Na aliyepona alibaki na makovu usoni, na kinga ya miaka mingi isiyopenywa kwa urahisi.

Vipele hivyo vilikuwa na sheria zake, na aliyezijua hakuhitaji hadubini. Ndui ilipendelea uso, mikono, vitanga na nyayo, ikakiacha kiwiliwili na vipele haba. Na katika sehemu moja ya mwili vipele vyote vilikuwa na umri mmoja, vyote maji au vyote usaha, vigumu chini ya kidole mithili ya punje za mtama zilizozikwa ngozini. Tetekuwanga, ambayo ndiyo iliyowahadaa matabibu wengi, hutenda kinyume: hujaa kifuani na mgongoni, huja kwa mafungu, hata kipele kipya na gamba kavu hukutwa pamoja.

Kila mwanafunzi amelisikia jina la Edward Jenner, tabibu wa Uingereza ambaye mwaka 1796 alimchanja mtoto wa miaka 8 kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe. Wachache wamelisikia la William Foege. Na ilhali chanjo ilikuwa imejulikana kwa miaka 170, mwaka 1967 ndui ilikuwa bado imeweka makao katika nchi 31. Foege, akiwa mashariki mwa Nigeria mwishoni mwa 1966 na chanjo isiyotosha kuwachanja watu wote, aliamua kumtafuta kila mgonjwa, kumtenga, na kuwachanja waliomzunguka peke yao, mlipuko ukazimika. Tangu hapo kampeni ya Shirika la Afya Duniani, iliyoongozwa na D. A. Henderson, ilishika njia hiyo: wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba na kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa vipele, wakiuliza kama kuna aliyemwona mtu wa namna ile, na mkononi wakiwa na sindano yenye ncha mbili, inayobeba tone moja la chanjo. Naamini kwa dhati kwamba historia imeipa sindano ile sifa tele, na macho ya wale waliouliza mlangoni sifa haba mno.

Somalia ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho. Mwaka ule wa 1977, vita vya Ogaden vikiendelea na wafugaji wakihama na mifugo yao, wagonjwa zaidi ya 3,000 walihesabiwa, nao walikuwa wa aina nyepesi ya ndui, ambayo haikuua sana, na kwa sababu hiyo hiyo ilifichika kwa wepesi. Maalin aliposhikwa na homa alidhaniwa ana malaria. Vipele vilipotokea akaambiwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, maana nani angedhani kwamba mtumishi wa hospitali, aliyewahi hata kuajiriwa kwa muda katika kazi ya kuchanja, mwenyewe hana kinga? Kumbe zamu yake ya kuchanjwa ilipofika aliushika mkono wake kana kwamba umekwisha kuchomwa, kwa kuogopa maumivu. Ilipotambuliwa kuwa ni ndui, hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya, watu 161 waliokutana naye wakafuatiliwa mmoja mmoja, na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa katika majuma mawili. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Maalin alipona, na miaka mingi baadaye alijitolea kuhimiza chanjo ya polio kwa Wasomali wenzake, akiwasimulia kisa chake, hata alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Mwaka 1978 ndui iliua tena mjini Birmingham, ikitokea maabara, na tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ila jamii yake haikwisha. Wapokomo wa bonde la Tana, nchini Kenya, wanayo yao, iliyozuka wakati wa mafuriko ya 1957 na ya 1962 na kupewa jina la mto wenyewe: homa ya siku chache, kipele kimoja au viwili vigumu visivyogeuka usaha, kisha afya hurejea.

Homa ya nyani, nayo ya jamii hiyo hiyo, si nyepesi hivyo. Ilitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Basankusu nchini Kongo aliyeshukiwa kuwa na ndui. Na kinachoitenga na ndui ni mitoki, yaani kuvimba kwa tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Waliozaliwa baada ya chanjo ya ndui kusitishwa hawana kinga ambayo wazee wao walipewa, na aina mpya iliyobainika Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, mwaka 2023, iliingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya mwaka uliofuata. Kipimo cha PCR, kwa majimaji au gamba la kipele, ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini mwaka 2024 sehemu kubwa ya walioshukiwa kuugua nchini Kongo hawakupata kupimwa maabara, na hukumu ikabaki kwa mhudumu wa zahanati, kwa alichokiona na alichokigusa.